Cheni ya Kushoto

Vibao vya cheni nilivikata kutoka migongo ya saa za ukutani zilizokufa. Shaba ya saa za zamani ni nene, na haivunjiki ovyo unapoipitisha msumeno. Kila kibao kilikuwa na upana wa ukucha wa kidole gumba. Nilihitaji thelathini na nane kwa kila upande wa katapila langu la mfano, yaani sabini na sita kwa jumla. Nilivitoboa, nikaviunga kwa vipande vya spoki za baiskeli, nikavipaka mafuta ya cherehani, kisha nikaviviringisha katika kitambaa kama Mzee Jivan alivyonifundisha. Kitu cha shaba au cha chuma ukishakimaliza, usikiache kikavu hata nusu saa, hasa wakati wa mvua. Hiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza, na kwa miaka saba niliyokaa naye sikuivunja hata mara moja.

Mzee Jivan alikuwa Mhindi, fundi wa saa pale Arua. Saa zilimpa chakula, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa kutengeneza mifano midogo ya mashine: lori, trekta, mtambo wa kuchambulia pamba, kila kitu kikiwa sehemu moja ya ishirini ya kile cha kweli. Alinichukua nikitoka Logiri, nikiwa sijawahi kushika saa mkononi. Miaka mitano baadaye alimchukua na Nasur, Mnubi wa Koboko, mjukuu wa askari, mtu wa maneno mengi na vicheko. Nasur alikaa miaka miwili tu. Mara nyingi alisahau kupaka mafuta, na Mzee alimgombeza kila wiki.

Mwaka wa sabini na mbili, Wahindi walipoambiwa waondoke Uganda, Mzee alituita mbele ya meza yake. Mimi alinipa misumeno midogo, jiliwa la kubania vyuma, na tupa zote kumi na nne. Naye Nasur akapewa chupa moja ya rangi ya kahawia, ndogo kama chupa ya dawa ya kikohozi.

Ndani ya chupa hiyo mlikuwa na dawa ya kuzeesha. Mfano wa mashine unapokamilika hung'aa kama pete ya harusi, na hapo ndipo mtu anapoona ni kitu cha kuchezea. Ukiuchovya katika dawa ile, shaba hugeuka polepole, kwanza rangi ya majani makavu, kisha nyeusi. Si weusi wa rangi ya kupaka, kwa sababu rangi hukaa juu na hufunika misumari na mishono. Dawa huingia katika shaba yenyewe. Baadaye unasugua kingo kwa kitambaa kikavu, zile sehemu ambazo udongo ungezisugua, nazo zinarudisha mng'ao kidogo. Mtu akitazama anaamini kwamba mashine imefanya kazi masika na kiangazi.

Watu waliosikia habari hii waliniambia nilipata fungu kubwa. Tupa kumi na nne, jiliwa, misumeno, kwa chupa moja. Nilikubali kwa kichwa. Moyoni nilijua kwamba tupa mtu anaweza kuzinunua Kampala, lakini dawa ile Mzee aliichanganya mwenyewe, na hakuwahi kumwonyesha mtu alivyoichanganya, wala kumwachia mtu achovye. Alimpa yule aliyekaa miaka miwili. Nililifikiria jambo hilo nikifunga saa, nikifungua saa, miaka mitatu mizima.

Ndipo Mwalimu Anguyo alipokuja. Alikuwa mkuu wa chuo kidogo cha waendesha mitambo ya barabara, hapo hapo Arua. Chuo kilikuwa na katapila moja, nalo lilikuwa limelala tangu mwaka uliopita kwa kukosa vipuri. Wanafunzi walijifunza kwa picha za ubaoni. Anguyo alitaka fundi mmoja wa mifano, aajiriwe, atengeneze mashine ndogo ambazo mwanafunzi anaweza kuzizungusha na kuona kila kiungo kinavyokwenda. Alinionyesha chumba chenyewe. Kilikuwa na dirisha pana, meza ya mninga iliyofika kiunoni, na mlango wa kufungwa kwa ufunguo. Nilisimama mle ndani kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Mko wawili tu mnaojua kazi hii," Anguyo alisema. "Wewe na yule Nasur wa Koboko. Kila mtu aniletee katapila baada ya wiki sita. Nitachagua."

Bodi la katapila langu lilitoka vizuri. Nililikata kwenye debe la mafuta ya kupikia, na lile koleo la mbele la kusukumia udongo lilipanda na kushuka kwa kiwiko kidogo bila kugoma. Tatizo lilikuwa cheni. Nasur alikuwa amenigawia dawa kidogo katika chupa ya wino, kwa hiari yake, nilipokutana naye sokoni. "Chukua, ndugu yangu," alisema. "Mzee alikuwa ya sisi wote." Nilichovya cheni ya kwanza, ikatoka na madoa. Hapa nyeusi, hapa njano, kama mbwa wa mitaani. Nilichovya ya pili, ikatoka vilevile. Nikakaa nikiitazama ile chupa ya wino. Nikajiambia kwamba Nasur alinipa maji ya juu, na dawa yenyewe amebaki nayo.

Siku kumi na moja kabla ya siku ya Anguyo, nilipanda lori la tumbaku kwenda Koboko. Nilibeba tupa moja ndogo ili niwe na sababu.

Nyumba ya Nasur ilikuwa nyuma ya msikiti, ua umefagiliwa hadi mistari ya ufagio ikaonekana. Mkewe, Hadijah, alikuwa barazani na msichana aitwaye Asiya, ambaye angeolewa Jumamosi. Kazi ya Hadijah ilikuwa kupaka hina. Bibi harusi wa Koboko ambaye hakupakwa na Hadijah, watu walidhani ameolewa kwa haraka.

"Shemeji Dramadri," alisema bila kuinuka, bakuli la hina mapajani. "Umepotea njia?"

"Nimeleta tupa ya Nasur."

"Tupa. Mutu anatoka Arua mpaka Koboko sababu ya tupa." Alikishika kiganja cha Asiya, akakinusa. "Na wewe umepaka nini hapa?"

"Simsim kidogo, mama. Ngozi ilikuwa kavu."

"Iko mafuta, hina itashika wapi? Unataka Jumamosi watu waone mikono kama ya chui?" Alichukua ndimu iliyokatwa, akaibonyeza katika majivu, akaanza kumsugua vidole kimoja kimoja. "Nenda nawa. Ukirudi hapana gusa kitu. Hata nywele yako, hapana gusa."

Maneno hayo niliyasikia yote. Sikuyatilia maanani, kwa sababu mlango wa chumba cha Nasur ulikuwa wazi, na juu ya meza niliiona cheni.

Alikuwa amemaliza ya kulia tu. Ya kushoto ilikuwa bado njano, imelala kando. Lakini ile ya kulia ilikuwa nyeusi kuanzia kibao cha kwanza hadi cha mwisho, na kingo zake zimeng'aa kidogo tu, kama kwato za ng'ombe aliyetembea mbali. Nilitafuta doa. Niliinama nikatafuta upande wa chini, kwenye viungo, ndani ya matundu ya spoki. Vibao vyenyewe havikukatwa vizuri kama vyangu. Vingine vilikuwa vimepinda. Dawa ilikuwa imevisamehe vyote.

"Unaona?" Nasur alisema nyuma yangu. Alikuwa amevaa kanzu tayari kwa sala ya adhuhuri. "Nimefurahi mpaka nimeamsha Hadijah aone."

"Ni nzuri," nilisema.

"Yako je?"

"Inaendelea."

"Yako itanipita. Wewe unashika msumeno kama mutu anashika kalamu, mimi nashika kama panga." Alicheka. "Kaa, kunywa chai. Mimi naenda swali, narudi sasa hivi. Jioni ya leo nachovya ya kushoto, utaona mwenyewe."

Alitoka. Hadijah alikuwa ameniwekea birika la chai ya tangawizi juu ya sinia, akarudi barazani kwa bibi harusi wake. Chupa ya kahawia ilikuwa juu ya dirisha. Niliweza kusikia mwadhini, na baada yake sauti ya Hadijah akimwambia Asiya atulize mkono.

Niliwaza kwamba nusu ya chupa ile ilikuwa yangu tangu mwaka wa sabini na mbili. Niliiwaza nusu hiyo kama mtu anavyowaza shamba la baba yake lililolimwa na mwingine. Kisha nilitoa chupa yangu ya wino, nikaijaza dawa hadi shingoni. Chupa ya Nasur ilibaki na kidogo sana. Nilijazia chai niliyoipoza kikombeni, nikaitikisa, nikairudisha dirishani, lebo yake ikitazama nje kama nilivyoikuta. Chupa ya kahawia haionyeshi kilichomo.

Nasur aliporudi nilimwambia lori halitanisubiri. Alinisindikiza hadi barabarani akinishika mkono.

Nyumbani nilichovya cheni zangu katika dawa ile ya kweli. Zilitoka na madoa.

Nilikaa nazo siku mbili. Niliwaza kwamba dawa imeharibika njiani kwa jua, au kwamba Nasur ana chupa nyingine amefichia ndani. Niliwaza hata kwamba Mzee Jivan aliichanganya ile dawa imtambue Nasur. Najua ni upuuzi. Ukiwa na wivu wa miaka mitatu, upuuzi hauonekani kuwa mkubwa.

Siku ya tatu, wakati wa chakula cha mchana, mke wangu Drateru alinishika mkono kabla sijaugusa ugali.

"Nawa tena," alisema.

"Nimenawa."

"Umenawa kwa maji. Sabuni hatujaiona tangu mwezi wa pili. Mikono yako inanuka cherehani, ugali unanuka cherehani, hata mto unanuka cherehani. Mwenzio nimeolewa na mashine."

Nilivitazama vidole vyangu. Maji yalikuwa juu yake kwa matone matone, hayakulowanisha ngozi. Ndipo nilipomkumbuka Asiya na kiganja chake, na ndimu, na majivu, na mikono kama ya chui.

Sikula. Nilichukua majivu jikoni na ndimu mbili, nikasugua cheni zote mbili, kila kibao, kila tundu, kwa mswaki wa mti. Nilizisuuza kwa maji ya moto hadi maji yakatandaa juu ya shaba bila kujikusanya. Sikuzishika tena kwa mkono, nilitumia kibano. Nilizichovya. Shaba ilikwenda rangi ya majani makavu, pote kwa wakati mmoja, kisha ikawa nyeusi. Hapakuwa na doa hata moja.

Miaka saba ya utii wangu ndiyo iliyokuwa ikinizuia. Kila kitu nilichokimaliza nilikivika mafuta, na dawa haikupata mahali pa kuingia. Dawa ya sokoni ilikuwa nzuri. Nasur hakunipunja.

Zilibaki siku nane. Malori ya tumbaku yalikwenda Koboko kila asubuhi, na ningeweza kupanda moja nikiwa na chupa ya wino mfukoni. Nilisema nitakwenda Alhamisi. Alhamisi nilisugua kingo za cheni. Nilisema Ijumaa, na Ijumaa nilipaka rangi kiti cha dereva, kitu kikubwa kama punje ya hindi.

Jumatatu tuliweka makatapila mawili juu ya ile meza ya mninga. Mwalimu Anguyo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alilipandisha koleo langu na kulishusha mara tatu. La Nasur liligoma kidogo. Kisha aligeuza mfano wa Nasur upande wa pili, akauinamia.

Cheni ya kulia ilikuwa nyeusi kama nilivyoiona. Ya kushoto ilikuwa na rangi ya ndizi iliyopitiliza kuiva, na mabaka.

"Huku kumefanya nini?" Anguyo aliuliza.

"Dawa ilichoka, Mwalimu."

"Upande mmoja tu?"

"Upande mmoja tu." Nasur hakunitazama. Alikuja upande wangu wa meza, akainama juu ya katapila langu, mikono nyuma, kama Mzee Jivan alivyotufundisha kutazama kazi ya mtu mwingine. Aliangalia kwa muda mrefu. "Mwalimu, njoo ona cheni hii," alisema. "Tangu Mzee aende sijaona kama hii. Mimi nimeshindwa, sasa nasema wazi."

Nilimchunguza usoni. Nilitafuta kitu ambacho mimi nilikijua vizuri, ule ukali mdogo unaokaa pembeni mwa mdomo. Hakikuwepo. Alikuwa anafurahi tu. Katika vitu vyote nilivyowahi kumwonea wivu, chupa, mikono mepesi, kicheko chake, hakuna kilichonichoma kama hicho.

Anguyo alikuwa amekwisha toa kalamu.

"Mwalimu, subiri," nilisema. Nilitoa chupa ya wino mfukoni, nikaiweka mezani. Ilikuwa bado na zaidi ya nusu. "Dawa yake haikuchoka. Mimi niliimimina alipokwenda kuswali. Nikajazia chai."

Anguyo alitutazama kwa zamu. Nasur aliifungua ile chupa, akainusa, akaifunga.

"Chai ya tangawizi," alisema. "Hadijah alinusa mbele yangu. Akasema, ndugu yako amekuja kupika."

"Ulijua?"

"Siku ile ile, nilipochovya."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mutu anakuja kwangu, anakunywa chai, anakuachia nusu. Huyo ni mgeni mwenye adabu."

Alisema kwa upole, lakini hakucheka, na mimi sikuweza kucheka.

Niliomba majivu na ndimu kutoka jiko la chuo. Anguyo hakukataa. Alisema ana saa moja, akaketi. Niliitoa cheni ya kushoto ya Nasur, nikaanza kuisugua ili yale mabaka ya kahawia yatoke. Nasur alimwaga maji.

"Na wewe unaziosha hivi?" nilimuuliza.

"Mimi? Hadijah anaosha. Anasema hapana paka kitu chafu. Mimi nilifikiri ni mambo ya wanawake."

Nilisugua vibao vitano au sita. "Mzee alikupa chupa kwa nini, Nasur? Mimi nilikaa miaka saba."

Alishangaa. Nadhani hakuwahi kujiuliza. "Nilimwomba," alisema. "Siku ile aliuliza tunataka nini. Wewe ukasema chochote. Mimi nikasema, chupa ile."

Nilikuwa nimesahau. Aliposema, nilikumbuka meza, na Mzee akitutazama, na mimi nikisema "chochote, Mzee," kwa adabu, nikingoja aone mwenyewe ninachokitaka.

Niliisuuza cheni, nikaishika kwa kibano, nikaichovya. Iligeuka pote kwa mara moja. Nilisugua kingo kwa kitambaa kikavu, taratibu, nikiinua kila kibao, hata vile vilivyopinda. Nasur aliifunga mahali pake. Anguyo aligeuza mfano kulia na kushoto, akauweka chini.

"Dramadri," alisema, "mikono yako inaishinda yake. Hilo naliona. Lakini hapa kutakuwa na vitu vya watu wengi, na mlango huu una ufunguo mmoja."

Aliandika jina la Nasur.

Nimerudi kwenye saa. Zinaletwa chache, lakini zinaletwa. Nasur huja dukani kwangu kila wiki kuazima tupa, nami humpa, na huniomba nitengeneze vitu vidogo ambavyo mikono yake haiviwezi. Drateru anasema nimepata rafiki kwa njia ya ajabu. Sijui kama ni hivyo. Akizungumza juu ya dirisha lake pana, mimi hugeuka nikatafuta kitu kwenye droo.

Chuo kina saa ya ukutani, na mimi ndiye ninayeitia ufunguo kila mwisho wa mwezi. Katapila la Nasur liko ndani ya kabati la kioo pale mlangoni. Wanafunzi hulizunguka, na Nasur huwaambia kwamba kazi yote imetoka sawa, kulia na kushoto, hakuna anayeweza kutofautisha.

Mimi huwa nasimama hapo kidogo kabla ya kupanda ngazi kuifikia saa. Cheni ya kushoto ni nyeusi zaidi.